Je, Wajua? Waliruka majivu, wakakanyaga moto

Je, wajua kwamba matuta ya shambani yaliiongezea TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, wafuasi katika milima ya Usambara? Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mradi wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, Lushoto, kisha ikaupanua. Wakulima waliamriwa kulima matuta yanayokatizana, yaache visanduku vya kunasa maji ya mvua. Aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa.

Kwenye karatasi hoja ilikuwa safi. Mlimani, wakulima walilalamika kwamba maji yaliyotuama yaliulowesha mteremko hadi udongo ule ule uliotakiwa kushikwa ukaporomoka. Tena sulubu ya jembe iliwaangukia zaidi wanawake, ambao tayari walikuwa na mahindi na maharage ya kupalilia. Nani angefurahi?

TANU ilipozaliwa mwaka 1954, ilikuta hasira imeshaiva. Haikuhitaji kuichochea sana. Mradi ukaachwa mwaka 1957. Katika milima ya Uluguru, Morogoro, nako, ambako watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, zilizuka ghasia mwaka 1955, na mpango huo ukafutwa pia.