Sura ya Tano: Mbwa Mkali Hutoka Wapi

Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema mmoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, humjibu mwenzake. Mbwa akimrarua mtoto wa jirani, mtaa mzima hugawanyika kwa kufuata methali hizo mbili. Wapo wanaosema rotwaila ni rotwaila tu, damu yake ndiyo hiyo. Wapo wanaomgeukia mwenye nyumba: alimfuga vipi?

Msimamo wangu katika sura hii ni kwamba pande zote mbili zina haki, ila zote zinatazama mahali pasipo penyewe. Ukali hurithiwa, lakini hurithiwa kwa baba na mama, na jina la aina ya mbwa halituambii mengi juu yao. Malezi nayo yana nguvu, lakini sehemu yake kubwa huwa imekwisha kupita kabla mnunuzi hajamtia mbwa machoni.

Tuanzie Siberia. Mwaka 1959 mwanasayansi wa Kirusi, Dmitry Belyaev, alianzisha jaribio lililokita makao Novosibirsk, akitumia mbweha waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya manyoya. Alipima jambo moja: mkono wa mtu ukikaribia kizimba, mbweha hufanya nini? Wengi walirukia kuuma au walijikunyata kwa hofu. Wachache walitulia. Hao watulivu, takriban mmoja kati ya kumi, ndio walioachwa wazae, na watoto wao wakachujwa vivyo hivyo. Hawakufundishwa chochote, kwa kuwa mafunzo yangevuruga kipimo. Baada ya vizazi vichache walizaliwa mbweha wanaotikisa mkia na kulamba mikono ya watu. Baadaye watafiti hao, akiwamo Lyudmila Trut aliyeiendeleza kazi hiyo baada ya Belyaev kufariki mwaka 1985, waliunda ukoo wa pili kwa kuchagua kinyume: wakali kuliko wote.

Hapo ndipo swali letu lilipopata mizani. Watoto wa mama mkali walipewa mama mpole awanyonyeshe. Kisha viinitete vya ukoo mmoja vikapandikizwa katika matumbo ya majike wa ukoo wa pili. Kwa sehemu kubwa watoto walifuata damu ya waliowatungia mimba, na tumbo lililowabeba au ziwa lililowalisha halikuwabadili. Anayesema hakuna mbwa mkali bali kuna mfugaji mbaya hana budi kulijibu jaribio hili, na sijasikia jibu la kutosha.

Hata hivyo, wenye kushika methali ya nyoka wasishangilie mapema. Mbweha wakali na mbweha wapole walikuwa wa aina moja, chimbuko lao mashamba yale yale ya manyoya. Kilichowatenga ni nani alichaguliwa kuzaa na nani. Kwa mbwa ni hivyo hivyo. Mzalishaji anayeteua dume la jemani shepadi linalotisha wapita njia atajipatia ukoo mkali. Mwenzake anayeteua majike matulivu atapata ukoo mtulivu. Na wote wawili watauza jemani shepadi. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Kathleen Morrill, Elinor Karlsson na wenzao, uliokusanya majibu kuhusu mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma jeni za mbwa zaidi ya 2,000. Tabia nyingi zilionekana kurithiwa kwa kiasi fulani, lakini aina ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa wepesi wa kuchokozeka, jina la aina lilisaidia kidogo mno kutabiri.

Aina ina uzito katika mwili. Rotwaila na kijibwa cha sebuleni wanaweza kuwa na hasira sawa, lakini taya zao haziko sawa. Anayefuga mbwa mkubwa amebeba wajibu mkubwa zaidi, na hilo sioni wa kulibisha.

Sheria zilizojengwa juu ya majina zimekuwa na safari ngumu. Uingereza ilipiga marufuku pitibuli na aina nyingine tatu mwaka 1991. Vifo havikukoma, ikabidi orodha iongezwe: tangu tarehe 1 Februari 2024, kumiliki XL Bully bila cheti maalumu ni kosa katika England na Wales. Uholanzi, iliyowapiga marufuku pitibuli mwaka 1993, iliifuta sheria yake mwaka 2008 kwa sababu watu hawakupungua kuumwa.

Sasa malezi. Mwaka 1961 ilichapishwa taarifa ya jaribio lililofanyika Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Watoto wa mbwa walikulia na mama zao katika uwanja wenye uzio mrefu, bila kushikwa na binadamu. Kwa zamu, wachache wao walitolewa wakakaa na watu kwa wiki moja. Waliotolewa wakiwa na wiki tano, saba au tisa walizoea. Wale ambao hawakumgusa mtu hadi wiki ya kumi na nne walibaki kama wanyama wa porini. Mlango wa kuizoea dunia ya watu hufunguka karibu na wiki ya tatu na huanza kujifunga karibu na ya kumi na mbili. Nusu ya muda huo mbwa bado yuko kwa muuzaji.

Mfikirie basi mbwa wa getini katika miji yetu, Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi. Mchana kutwa amefungiwa bandani, usiku anafunguliwa. Watu anaowajua ni mlinzi na yule anayemletea ugali. Watoto wanaopita humrushia mawe kupitia uzio. Wafugaji wengi huamini kwamba giza na upweke humwongezea ukali, na kweli humwongezea, ila ukali huo ni hofu. Mbwa mwenye hofu hawezi kubagua mwizi na mgeni; atamuuma mtoto wa shangazi aliyekuja likizo. Inaniuma kila ninapoona ajali ya namna hiyo ikiitwa bahati mbaya. Watafiti waliochunguza vifo 256 vilivyotokana na mbwa Marekani kati ya mwaka 2000 na 2009 waligundua kwamba katika takriban robo tatu ya visa, mbwa alifugwa kando, bila kuishi na familia kama mmoja wao. Aina yake iliweza kuthibitishwa katika chini ya kisa kimoja kati ya vitano.

Fimbo nayo haisaidii. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwauliza wenye mbwa kuhusu njia walizotumia kuwarudi. Kati ya waliowapiga au kuwapiga mateke, asilimia 43 walisema mbwa aliwageukia kwa ukali.

Kisa kinachoziumbua methali zote mbili ni cha Virginia, Marekani. Mwaka 2007 mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani, Michael Vick, alikiri kosa la kuhusika na mapigano ya mbwa. Katika eneo lake walikutwa pitibuli wapatao hamsini, waliofugwa kwa ajili ya vita, wengi wakiishi minyororoni. Wengi walidhani wote watauawa. Badala yake wataalamu walimpima kila mmoja peke yake, na mmoja tu ndiye aliyeuawa kwa sababu ya ukali. Wengi wa waliobaki walikuwa na woga kuliko hasira. Baadhi walipata nyumba zenye watoto, na wapo waliopelekwa kuwafariji wagonjwa.

Jambo moja liko nje ya mabishano haya, nalo ni la kufa na kupona. Mbwa mpole aliyebadilika ghafla, akauma bila sababu, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, ugonjwa huo karibu daima huua.

Anayekwenda kununua mbwa huanza kwa kuuliza aina na bei. Mimi humshauri aombe kwanza kumwona mama, na baba ikiwezekana, wakiwa pamoja na anayewatunza. Amtazame jike akisogelewa na mgeni: je, anaganda, ananguruma, anajificha, au anakuja kunusa? Kisha aulize ni nani huwabeba watoto wale, mara ngapi kwa siku, na kama wamewahi kusikia pikipiki, wakaona mwanamke mwenye buibui, wakaguswa na mtoto mdogo. Muuzaji akisema mama yuko mbali, arudishe pesa mfukoni.