Pikipiki Iliyolala Ghalani: Sayansi ya Kufufua Mashine za Kale

Mwezi wa Aprili 2016, katika mnada uliofanyika Stafford, Uingereza, ziliuzwa pikipiki nane ambazo mpita njia yeyote angezidhania kuwa vyuma chakavu. Kwa zaidi ya miaka 50 zilikuwa zimekaa katika mabanda ya shamba huko Bodmin Moor, jimboni Cornwall, zikiwa zimefunguliwa nusu nusu na kufunikwa na vumbi, vyuma vingine na mizigo ya nyumbani iliyosahauliwa. Hata hivyo, kwa jumla zilipata pauni 752,625, na moja peke yake iliuzwa kwa pauni 331,900, bei ambayo hadi wakati huo haikuwa imepata kulipwa mnadani kwa pikipiki yoyote ya Kiingereza.

Bila shaka msomaji atauliza: kuna nini chini ya kutu kinachostahili fedha nyingi namna hiyo? Na je, chuma kilichoachwa kwa nusu karne chaweza kurudi barabarani? Swali la kwanza ni la historia. La pili ni la sayansi, na majibu yake yana manufaa kwa kila mwenye karakana, hata kama hatapata kuiona pikipiki ya namna hiyo maishani mwake.

Mashine chache, sifa nyingi

Pikipiki hizo nane zilikuwa za Brough Superior, kiwanda kilichoanzishwa na George Brough mjini Nottingham mwaka 1919. Mpaka kilipoacha kuunda pikipiki mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kilikuwa kimetoa mashine zipatazo 3,000 tu. Brough hakutengeneza kila kipande mwenyewe. Injini alizinunua kwa J.A. Prestwich wa London, na baadaye kwa Matchless pia. Kazi ya kiwanda chake ilikuwa kuchagua vilivyo bora, kuvirekebisha na kuviunganisha kwa uangalifu mkubwa. Aina iliyoitwa SS80 ilidhaminiwa kufikia mwendo wa maili 80 kwa saa, na ile ya SS100, iliyotokea mwaka 1924, maili 100, yaani kilometa 160 hivi.

Ile iliyopata bei kubwa kuliko zote huko Stafford ilikuwa ya aina ya BS4. Hii ilitumia injini ya silinda nne ya motokaa ndogo ya Austin Seven, na nyuma ilikuwa na magurudumu mawili yaliyokaribiana sana, shafti ya kuyaendesha ikipita katikati yake. Ziliundwa kumi hivi tu. Ni dhahiri, basi, kwamba mtu aliyenunua rundo lile la kutu alinunua ushahidi: namna mafundi wa zama zile walivyofikiri, walivyopima na walivyothubutu.

Kutu ni nini?

Chuma hakitokani ardhini kikiwa safi. Huchimbwa kikiwa kimeungana na oksijeni, nacho hutenganishwa nayo kwa moto mkali wa tanuri. Kutu ni safari ya kurejea: chuma, kikipata maji na oksijeni kwa pamoja, hurudia hali yake ya asili. Kimoja kikikosekana, kutu haipatikani kwa urahisi. Ndiyo sababu chuma hudumu jangwani palipo pakavu, na ndiyo sababu pia huoza upesi pwani, ambako chumvi ya bahari huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi. Cornwall ni rasi iliyozungukwa na bahari karibu pande zote, na nyanda za Bodmin Moor ni zenye mvua na ukungu. Lilikuwa ghala baya kwa chuma.

Kwa nini tumetaja umeme? Kwa sababu kutu ni tendo la umeme. Mwanasayansi U.R. Evans wa Chuo Kikuu cha Cambridge alilionyesha jambo hili kwa tone moja la maji ya chumvi lililowekwa juu ya bamba la chuma. Pembeni mwa tone, ambako hewa hupenya kwa urahisi, oksijeni ni nyingi. Katikati ni haba. Tofauti hiyo hulifanya tone kuwa mfano wa betri ndogo. Chuma huyeyuka katikati, ilhali oksijeni hutumika pembeni, na kutu hujitokeza baina ya pande hizo mbili. Kwa hiyo mahali palipokosa hewa ndipo panapoliwa zaidi.

Jaribio hilo dogo laeleza jambo ambalo mafundi wengi wameliona bila kulijua sababu. Vumbi lililorundikana juu ya fremu hushika unyevu na kuzuia hewa, hivyo chuma kilicho chini yake huliwa kuliko kile kilicho wazi. Kadhalika ndani ya maungio, chini ya vichwa vya boliti, na mahali spoki zinapoingia katika rimu. Mashine iliyoonekana nzima kwa nje yaweza kuwa imetoboka mahali pasipoonekana.

Daftari kabla ya spana

Kosa la kwanza la mfufuaji mwenye pupa ni kushika spana kabla ya kushika kalamu. Mashine ikishafunguliwa, mpangilio wake wa asili umekwisha kupotea. Hapana budi ipigwe picha kutoka kila upande, kila nati iandikwe ilikotoka, na vipande viwekwe katika makopo yenye majina. Hata uchafu usiondolewe kwa haraka. Mara nyingi chini ya tabaka mbili au tatu za rangi ya brashi hupatikana rangi ya kiwandani, nayo ndiyo ushahidi wa pekee wa sura ya kwanza ya mashine.

Ya pili ni kuthibitisha nasaba yake. Injini na fremu huwa na namba zilizogongwa, na kwa Brough Superior kadi za kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa na chama cha wamiliki, hivyo yaweza kujulikana kama injini hii ilitoka kiwandani pamoja na fremu hii. Hata namba iliyofutwa kwa tupa haipotei kabisa. Muhuri unapogongwa juu ya chuma, hukandamiza chembe zilizo chini ya alama yenyewe. Mahali hapo pakisuguliwa vizuri na kupakwa asidi maalumu, sehemu zilizokandamizwa huliwa kwa kasi isiyolingana na jirani zake, na namba ya zamani huonekana tena. Njia hiyo hiyo hutumiwa na wachunguzi wa polisi katika kesi za magari ya wizi.

Injini iliyokwama

Pikipiki iliyolala miaka mingi aghalabu haizunguki. Pistoni ya alumini imeshikana na silinda ya chuma, kwa kuwa kutu imekaa baina yao, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Anayelazimisha kwa kupiga teke kianzishio au kwa nyundo nzito huvunja pete za pistoni, na pengine silinda yenyewe. Kwa mashine ambayo ni moja kati ya kumi, silinda iliyovunjika haina duka.

Njia ya busara ni subira. Plagi huondolewa, mafuta mepesi yanayopenya humiminwa ndani, na injini huachwa kwa siku nyingi, hata majuma. Isiposalimu amri, fundi huomba msaada wa fizikia. Alumini ikipata joto hutanuka takribani mara mbili ya chuma cha kusubu. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 80, ikiongezewa joto la nyuzi 100 za Selsiasi, hutanuka kwa karibu milimita 0.18, silinda yake hutanuka kwa nusu ya hapo. Kwa sababu hiyo silinda hupashwa moto taratibu kutoka nje, ili itangulie kutanuka kabla joto halijafika kwenye pistoni. Silinda ikipashwa na kuachwa ipoe mara kadhaa, tofauti ya kutanuka hupasua tabaka la kutu na mafuta hupata njia. Ila jambo hili lisifanywe kabisa penye mafuta ya petroli au mvuke wake, na mwali wa moto usikaribie mafuta yaliyomiminwa ndani.

Magadi na umeme

Kutu iliyo juu ya vipande vya chuma yaweza kuondolewa kwa msasa au brashi ya waya, lakini zana hizo hula chuma kizima pamoja na kilichooza. Iko njia ya upole zaidi, nayo ni kuigeuza kazi ile ile ya umeme iliyoleta kutu. Kipande huzamishwa katika maji yaliyochanganywa na magadi yaliyosafishwa, yaani kaboneti ya sodiamu. Kisha huunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na bamba la chuma cha kawaida huunganishwa na upande chanya. Umeme unapopita, kutu hulegea na sehemu yake hugeuka kuwa unga mweusi unaofutika kwa brashi laini, wala chuma kizima hakipunguzwi.

Njia hii ni rahisi, lakini ina masharti ambayo hayana mzaha. Kwanza, hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche moja. Kazi ifanyike nje, na chaja izimwe kabla ya waya kuguswa. Pili, upande chanya usitumie kamwe chuma kisichoshika kutu, kwa maana kina kromiamu, nayo huingia majini katika umbo la sumu linaloweza kusababisha saratani. Tatu, alumini isitiwe humo, kwani magadi huila. Nne, springi na boliti ngumu sana zisisafishwe hivyo, kwa sababu hidrojeni hupenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kiwe chepesi kukatika ghafla, pengine baada ya siku nyingi mashine ikiwa barabarani.

Hatari nyingine hutoka kwa wahenga wenyewe. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, na vitambaa vya breki vilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi la vitu hivi huingia mapafuni na halionekani madhara yake mpaka miaka ipite. Visipulizwe kwa hewa wala kusuguliwa vikiwa vikavu.

Kuhifadhi au kufanya upya?

Hapa ndipo mafundi wanapogawanyika. Wapo wasemao kwamba mashine irudishwe kama ilivyotoka kiwandani: rangi mpya, nikeli mpya, ngozi mpya. Wapo wengine washikiliao kwamba kila mkwaruzo ni ukurasa wa historia, na kwamba kitu huwa cha asili mara moja tu. Kila upande una haki yake. Mashine isiyosafishwa huendelea kuliwa, na ile iliyofanywa upya kupita kiasi hubaki kuwa sanamu ya ile ya zamani.

Kanuni inayokubaliwa na wahifadhi wengi wa makumbusho ni hii: fanya kidogo iwezekanavyo, fanya kwa namna inayoweza kutenguliwa, na andika ulichofanya. Mambo ya usalama yasifungwe na kanuni hiyo. Mpira wa gurudumu uliopasuka, waya wa breki uliochakaa na spoki zilizolika hubadilishwa bila majadiliano. Vile vya zamani huwekwa katika sanduku na kuandikwa jina.

Funzo lililonunuliwa kwa damu

Haifai kuzitaja Brough Superior bila kumtaja mpanda farasi huyu wa chuma aliyejulikana kuliko wote, T.E. Lawrence, askari na mwandishi wa Kiingereza, aliyemiliki kadhaa za aina hiyo. Mnamo tarehe 13 Mei 1935 alianguka na SS100 yake huko Dorset alipokuwa akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Alifariki siku sita baadaye kwa majeraha ya kichwa.

Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtibu alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Yeye aliendelea kulichunguza jambo hilo, na mwaka 1941 alichapisha utafiti wake juu ya majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki. Alieleza kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa barabarani nchini Uingereza. Miongoni mwa majeruhi aliowachunguza, saba tu walikuwa wamevaa kofia ngumu, nao wote walipona. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza liliwaamuru matarishi wake wa pikipiki wavae kofia hizo. Sheria ya kuwalazimisha raia wa nchi hiyo ilikuja mwaka 1973.

Kofia anayoivaa leo mwendesha bodaboda wa Mwanza au Kisumu, na ile anayoininginiza kwenye usukani badala ya kuivaa, ina nasaba inayofika hadi kwenye ajali ile. Pikipiki ya kale hutufundisha jinsi chuma kinavyoweza kuoza na kufufuliwa kwa magadi, umeme na subira. Fuvu la binadamu halina karakana ya namna hiyo.

Hivyo, msomaji utakapokuta nyuma ya nyumba ya babu mashine iliyofunikwa na majani na vumbi, usikimbilie mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ipige picha, isome namba zake, waulize wazee habari zake, kisha uifunike pakavu huku ukitafakari. Kutu imekwisha kungoja miaka mingi. Siku chache za kufikiri hazitazidisha hasara.