Kamera Yafa Usiku? Pimeni Waya Kwanza



Kikundi kimoja tunachokitembelea kina stoo ya mahindi. Wanachama walichanga pesa, wakanunua kamera moja ya volti 12, wakaifunga juu ya mlango wa stoo. Betri na paneli ya sola ziko kwa ofisi, mita 80 kutoka hapo. Mchana picha ilikuwa safi, hata mbuzi wa jirani unamtambua. Lakini usiku ambao magunia yaliibiwa, rekodi ilionyesha giza tupu tangu saa moja jioni. Mkutano ukaitwa, na kabla ya chai kwisha lawama zote zilikuwa zimemwangukia mlinzi: eti alizima kamera. Mzee wa watu akasimamishwa kazi.

Fundi aliyeifunga alirudi mchana, akachomoa kamera, akapima ncha ya waya na kupata volti 12 na ushee. Akasema waya ni nzima. Sisi tuliomba fundi mwingine aje usiku, apime kamera ikiwa inafanya kazi. Kwenye betri alipata volti 12.2. Kwenye kamera, 10.3. Hakuna aliyezima chochote. Stima ilikuwa ikiishia njiani.

Walio na mradi wa maji wataelewa upesi. Tangi likiwa limejaa na mfereji wa mwisho umefungwa, presha huko mwisho ni nzuri. Fungueni mfereji, na kama bomba ni jembamba na refu, mtapata matone. Waya nayo iko hivyo. Hata shaba nzuri huzuia stima kidogo katika kila mita, na volti hupotea pale tu stima inapopita. Ndiyo sababu kipimo cha fundi wa kwanza kilimdanganya: kamera ilikuwa imechomolewa, mfereji umefungwa.

Na kwa nini usiku? Kamera hizi zina taa ndogo ndogo ambazo mwanga wake hauonekani vizuri kwa macho yetu, nazo huwaka zenyewe giza likiingia. Kamera iliyokuwa ikila robo ampea mchana sasa inakula nusu ampea. Wakati huo huo jua limezama, betri haichajiwi tena, inashuka. Kamera nyingi za volti 12 huvumilia upungufu wa kama asilimia 10, yaani mpaka volti 10.8. Chini ya hapo huzima, au huwaka na kuzima usiku kucha.

Hesabu yake mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza, tena tungependa mhazini aifanye kabla ya pesa kutoka. Chukueni urefu wa waya kwa mita mkaufanye mara mbili, kwa maana stima huenda na kurudi. (Hapa ndipo mafundi wengi huteleza.) Zidisheni kwa ampea za usiku, kisha kwa 0.0175, ambayo ni ya shaba. Halafu gawanyeni kwa unene wa waya, ile namba inayotajwa dukani: 0.75, 1.5 au 2.5. Jibu ndilo volti zinazopotea.

Kwa stoo yetu: 160 mara 0.5 mara 0.0175 ni 1.4. Gawanya kwa 0.75, waya waliyouziwa, unapata karibu volti 1.9. Ndizo hizo hizo alizokosa fundi usiku ule. Kwa waya ya 1.5 zingepotea 0.9, na kwa ya 2.5 karibu 0.6. Wakiongeza kamera ya pili kwenye waya hiyo hiyo, hasara inakuwa maradufu. Vijana wengine hutumia jozi moja ya waya nyembamba ya kompyuta, yenye unene kama wa 0.2, kwa umbali huu inakula volti 7. Hiyo si waya tena, ni mwizi mwingine.

Mchunge pia waya ya alumini iliyopakwa shaba juu. Ni rahisi kwa bei na nyepesi mkononi, lakini hupoteza zaidi ya shaba tupu. Kwarueni ncha kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, rudisheni.

Kuna anayeshauri kupandisha volti za chaja mpaka 15 ili kufidia. Tunasema hapana. Asubuhi taa za kamera zikizima, hasara inapungua na volti hizo za ziada zinaingia kwa kamera na kuiunguza. Njia nzuri ni kusafirisha volti 24, kwa betri mbili zilizofuatana, na kuweka kipunguza volti karibu na kamera. Kazi ni ile ile lakini ampea zinakuwa nusu, kwa hivyo hata hasara ni nusu. Zipo pia kamera zinazopokea stima ya volti 48 hivi pamoja na picha kwa waya moja ya mtandao, mwisho mita 100. Umbali ukizidi sana, wekeni paneli na betri ndogo pale pale kwa kamera, ndani ya sanduku lenye kufuli. Stima ya volti 240 mwachieni fundi mwenye leseni.

Kikundi chetu kilichagua waya ya 2.5, kikaweka fyuzi karibu na betri, na hakuna kiungo hata kimoja katikati. Usiku kamera inapata volti 11.6. Mlinzi aliitwa mbele ya mkutano, akaombwa radhi, akalipwa siku zake alizokaa nyumbani. Magunia hayajapatikana.

Nanyi mkifunga yenu, malipo ya mwisho ya fundi msiyatoe mchana. Ngojeni giza liingie, kamera iwashe taa zake, mpime pale pale kwa kamera mhazini akiwepo, muandike namba kwa daftari la kikundi.