Ni Nani Aliyeliunda Gari Hili?

Mtu anunuapo pikapu humshukuru aliyemwuzia, na ndugu aliyemkopesha fedha, na fundi aliyelikagua gari kabla ya kulipwa thamani yake. Walioliunda hawatajwi. Si kwa ubaya; hawaonekani tu. Gari hufika linameta kana kwamba halijapata kuguswa na mkono wa mwanadamu.

Huko Marekani, ambako pikapu ni mwandani wa mkulima, wa seremala na wa mwenye duka, wamo wenye magari wasioridhika na hali hiyo. Hutaka kujua gari lao limetoka katika mikono ya nani, na wakijua huwatolea watu hao shukrani. Njia ya kujua ni nyepesi. Kila gari la siku hizi lina nambari yake ya alama 17, tarakimu na herufi, nayo huonekana kupitia kioo cha mbele. Alama ya 11 ndiyo itajayo kiwanda. Katika pikapu ya Ford iitwayo F-150, herufi F ni kiwanda cha Dearborn, jimbo la Michigan, na K ni kile cha Kansas City. Tena huko Dearborn mgeni alipaye kiingilio huruhusiwa kupita njia ya juu, akatazama chini pikapu zikiundwa. Huyu atia mlango, yule akaza skrubu, mwingine akagua taa. Takriban kila dakika gari moja lakamilika, na kila mmoja hurudia kazi ile ile mamia ya mara kabla ya kwenda nyumbani. Twaamini kuwa aliyeyaona hayo hatasema tena kwamba gari lake limefanywa na mashine.

Kabla ya mwaka 1925 mkulima aliyetaka pikapu alilikata nyuma gari lake mwenyewe akalitia sanduku la mbao, au alimpa kazi hiyo seremala wa kijijini, naye akamjua kwa jina. Mwaka huo Ford wakaanza kuuza gari lililokwisha kutiwa sanduku la chuma kiwandani, kwa dola 281. Tangu hapo mnunuzi na mtengenezaji wakawa hawaonani.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wasijue kuwa katika mikono hiyo ya Dearborn imo mingi ya Waislamu. Tangu mwanzo wa karne ya 20 watu wa Sham na wa Yemeni, Yemeni ile ile walikotoka majirani zetu wengi wa Mombasa na Zanzibar, walivuka bahari kufuata mishahara ya viwanda vya motokaa. Mwaka 1921 ulijengwa msikiti Highland Park, karibu na kiwanda cha Ford cha wakati huo. Kazi ilipohamia kiwanda kikubwa cha Rouge, Dearborn, watu wakaifuata, na katika miaka ya 1930 wakajenga msikiti mwingine mtaa wa Dix, jirani na kiwanda hicho. Msikiti huo ungalipo.

Lakini shukrani ya ulimi haina gharama, na khabari za Ford zatuonyesha hivyo. Mwaka 1913 kazi ya mstari, gari kupita na mtu kusimama mahali pamoja, iliwachosha watu hata kampuni ikalazimika kuajiri zaidi ya 50,000 ili isipungukiwe na 14,000. Januari 1914 Henry Ford akatangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ujira wa kwanza, na dunia ikamsifu. Ila aliyezitaka dola hizo alipelekewa wakaguzi nyumbani, waone kama hanywi pombe, kama anaweka akiba, kama nyumba yake ni safi. Hatujui ni baba gani kati yetu angependa ujira wake upitie jikoni kwa mkewe kwanza! Kisha ukaja ukosefu wa kazi. Tarehe 7 Machi 1932 maelfu ya watu waliokosa kazi walikwenda kwa miguu hadi lango la Rouge kuomba kazi na msaada, wakapigwa risasi. Wanne wakafa siku ile, na wa tano baadaye. Mpaka mwaka 1941, baada ya mgomo, ndipo Ford ilipotia sahihi mkataba wa kwanza na chama cha wafanyakazi wa motokaa, UAW.

Jambo hilo lilirudi mwaka 2023. Septemba chama hicho kiligoma dhidi ya makampuni matatu kwa pamoja, na tarehe 11 Oktoba wafanyakazi 8,700 wa kiwanda cha pikapu kubwa za Ford, Kentucky, wakaweka zana chini. Hapo ndipo shukrani ya mwenye gari ilipopimwa, kwani aliyekwisha kuagiza ilimpasa angoje, na ujira ukipanda aweza kuhofia bei nayo kupanda. Mkataba uliopatikana uliongeza mishahara kwa asilimia 25, kidogo kidogo hadi Aprili 2028. Sisi tuliofunzwa kuwa mwajiriwa apewe haki yake kabla jasho halijamkauka twaona kwamba asemaye "ahsante" kisha akachukia nyongeza hiyo, hajashukuru.

Enyi vijana, mwombeni mzee mwenye pikapu awaonyeshe kadi ya gari lake. Toyota ambayo nambari yake yaanza na AHT imeundwa Afrika Kusini, na Hilux za huko hutoka kiwanda cha Prospecton, Durban. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliingia humo yakajaza matope, kazi ikasimama kwa miezi. Gari likiwa la mwaka huo na la baada ya mafuriko, waliolikaza skrubu walirudi mahali palipokuwa pamefunikwa na tope.