SIKU YA MWISHO YA TAMASHA, MZIGO BADO UPO. UNAFANYAJE?

Wiki iliyopita dada mmoja aliniuliza kama inalipa kubeba bidhaa kwenda kuuza kwenye tamasha. Nimjibu kwa yaliyonikuta mwaka juzi Sauti za Busara, Zanzibar. Nitaongelea zaidi Jumapili, siku ya mwisho, maana hizo siku mbili za mwanzo niliziharibu mwenyewe.

Kwa msiolijua, hili ni tamasha la muziki la Ngome Kongwe, pale mbele ya Forodhani. Lilianza 2004 na hufanyika Februari, kwenye joto la kaskazi, jukwaa liko uwanjani chini ya anga. Watu wanatoka Bara, Kenya, Ulaya, kila mahali. Mimi nikaona hela tu. Nikachukua 300,000 vikoba, nikaongeza akiba yangu, nikapanda boti na mikoba 40 ya kitenge (mikubwa, 8,000 kila mmoja kwa fundi) na vipepeo vya ukili 60 vya kujipepea, nilivyonunua 800. Meza nje ya ngome nilikodi 20,000 kwa siku. Kulala ni kwa shangazi, Kikwajuni, bure.

Hadi Jumamosi usiku vipepeo vilikuwa vimeenda 46. Joto lile, ungeuza hata karatasi. Mikoba? 11 tu, kwa 20,000. Mauzo ya siku mbili 312,000, toa meza na kula, mkononi 255,000. Na Jumanne vikoba wananisubiri na 330,000. Jamani, sikulala.

Kitu kilichonisaidia ni mteja ambaye hakununua. Jumamosi ile ile mama mmoja wa Kizungu aliushika mkoba, akaupenda kabisa, akaurudisha. Akasema begi lake limejaa na Jumatatu anasafiri. Nilikasirika kwanza. Usiku nikiwa nahesabu mzigo ndo ikaniingia: mkoba haukuwa mbaya, ulikuwa mkubwa. Siku ya mwisho mtu ananunua kinachoingia kwenye kona ya begi.

Jumapili saa 3 asubuhi nikawa kwa fundi mmoja uchochoroni karibu na soko la Darajani. Mzee wa makamo, na kijana wake pembeni. Shikamoo baba, marahaba, nikamwaga mikoba 8 mezani. "Mwanangu, kazi nzuri hii unataka niifumue?" Nikamwambia ifumue. Mkoba mmoja ukatoa pochi nne ndogo zenye zipu, jumla 32. Ushonaji 700 kila moja, zipu 300. Saa 9 alasiri zilikuwa tayari, na uzi mwingine unaning'inia, nikaukata kwa meno njiani.

Bei nikaweka 5,000. Kuna sababu. Siku ya mwisho wageni wengi shilingi zimewaishia na hawataki kwenda tena kutoa hela benki, wanabaki na noti moja moja. Ukiweka 6,000 unatafuta chenji gizani na mteja anaondoka. Mikoba iliyobaki nikashusha hadi 15,000, na lipa namba nikaibandika kwa maandishi makubwa kwa ajili ya wenyeji, maana Jumapili wenyeji nao walijaa.

Pia nilijifunza saa. Muziki ukiwa umekolea ndani, nje hakuna mtu, usijichoshe kuita. Wanunuzi wanatoka kwenye mapumziko ya kubadilisha bendi wakienda Forodhani kula urojo na mishikaki, na wanatoka mwisho kabisa, baada ya saa 6 usiku. Wenzangu wengi walifunga saa 4. Mimi pochi 13 niliuza baada ya hapo, nikiwa nasikia ngoma ya mwisho ikipita juu ya ukuta. Ndani sikuingia. Hilo bado linaniuma kidogo.

Hesabu ya Jumapili: pochi 29, mikoba 9, vipepeo 14 vilivyobaki. Jumla 308,000. Safari nzima mauzo 620,000. Gharama zote, pamoja na nauli ya boti 70,000 kwenda na kurudi, meza, fundi na kula, 555,000. Faida 65,000 kwa siku tatu za kusimama. Siyo hela ya kujisifia, lakini Jumanne niliwalipa vikoba bila kukopa kwingine.

Kwa hiyo dada, ukienda, beba vidogo vingi na vikubwa vichache. Na usishone mzigo wa tamasha ambao mtaani kwako haununuliki. Hili lenyewe 2016 halikufanyika, hela za kuliendesha zilikosekana. Mimi nilirudi na mikoba 12. Iko dukani mpaka leo, imeuzwa miwili, na mmoja kati ya hiyo alinunua mama yangu.