Widthratio, kibarua aliyegeuzwa karani wa hesabu

Je, wajua kwamba kiolezo cha ukurasa ndani ya Django, zana maarufu ya kujengea tovuti, hakina alama ya kuzidisha? Kujumlisha kinajua, kwa kichujio kiitwacho add. Kutoa kunapitia mlango wa nyuma: unajumlisha namba hasi. Kuzidisha na kugawanya, hola.

Haikuwa kusahau. Django ilianza mwaka 2003 kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison. Kiolezo kilikusudiwa kuwa karatasi ya mpambaji, yenye nafasi wazi za kujazwa majina, tarehe na bei. Hesabu zipigwe jikoni, kwenye lugha ya Python. Mezani kifike chakula kilichoiva.

Ila kuna kibarua mmoja aliyeachwa humo: widthratio. Kazi yake ni kupima mihimili ya grafu. Hupewa namba tatu: thamani, kiwango cha juu kabisa, na upana wa mhimili mrefu kuliko yote. Hugawa ya kwanza kwa ya pili, kisha huzidisha kwa ya tatu. Thamani ya 175 katika kiwango cha 200, mhimili wa pikseli 100, inatoka 88.

Wajanja wakaona mwanya. Weka 1 katikati, kugawanya kunakosa nguvu, kunabaki kuzidisha tu: sukari ya shilingi 3200 kwa kilo moja, ukichukua kilo 3, ni widthratio 3200 1 3, jibu 9600. Weka 1 mwishoni, umepata kugawanya. Inafaa kwa zana iliyopewa jina la Django Reinhardt, mpiga gitaa ambaye moto wa mwaka 1928 ulimlemaza vidole viwili vya mkono wa kushoto, akaendelea kupiga solo kwa viwili vilivyobaki.

Mimi nisingemwachia kibarua huyu daftari la duka. Namba ya tatu huikata desimali bila kuuliza: mteja akichukua kilo 2.5, anahesabiwa 2, na badala ya 8000 unaandikiwa 6400. Jibu nalo hulisogeza hadi namba nzima iliyo karibu, na likiangukia nusu kamili hufuata desturi ya Python ya kukimbilia shufwa. Kwa hiyo 5 ikigawanywa kwa 2 ni 2, lakini 7 ikigawanywa kwa 2 ni 4. Kichujio chako mwenyewe, mistari michache tu ya Python, kingekuepusha na yote hayo.

Na ukimwambia agawe kwa sifuri, jambo ambalo Python yenyewe hulikataa kwa kelele, yeye huandika 0 na kuendelea na kazi.