Bwana wa Kazi na Mwanagenzi Wake

Wazazi wengi humpeleka kijana kwa fundi, awe seremala au mwashi au mpiga chapa, wakasema, "Mtoto sasa ni wako." Ni neno la haki, maana asiyetii hajifunzi kazi. Lakini fundi akikosa, kijana amwendee nani?

Zamani Waingereza waliandika mapatano ya uanagenzi mara mbili katika karatasi moja, kisha wakaikata kwa mstari wa menomeno, kila upande ukashika kipande chake. Kijana aliahidi utii. Bwana aliahidi kumfundisha na kumtunza. Basi hati ile iliwafunga wote wawili.

Kwa hati ya namna hiyo Benjamin Franklin, ambaye baadaye alikuwa mtu mkuu wa Marekani, alifungwa huko Boston mwaka 1718, naye ana miaka 12 tu. Bwana wake alikuwa ndugu yake mkubwa, James, mpiga chapa. Ilimpasa kumtumikia hata atimize miaka 21. James alikuwa mwepesi wa hasira, akampiga mara nyingi. Walipeleka magomvi yao kwa baba yao, naye mara nyingi alimpa haki mdogo. (Yule mdogo naye alikuwa na ulimi mkali, hayo aliyakiri mwenyewe uzeeni.)

Mwaka 1723 serikali ilimkataza James kuchapa gazeti lake. Akalitoa kwa jina la Benjamin, akamrudishia hati ya kwanza iliyoandikwa nyuma kwamba ameachwa huru; kisha kwa siri wakatia sahihi hati mpya. Hapo James aliivunja nguvu yake kwa mkono wake mwenyewe. Walipogombana tena Benjamin aliondoka, akijua ya kuwa nduguye hathubutu kuionyesha hati ya siri. James akawazungukia wapiga chapa wa Boston wasimpe kazi, na kijana akakimbilia Philadelphia.

Kwa hiyo, ninyi akina baba, patana na fundi mbele ya mashahidi, na mtajeni mzee mmoja atakayesikiliza pande zote mbili. Fundi mwema hatachukizwa.

Miaka ilipita, ndugu wale wakapatana. James, akiona kifo ki karibu, alimwomba Benjamin amchukue mwanawe wa miaka 10 na kumfundisha chapa. Benjamin akampeleka kwanza shuleni miaka michache, ndipo akamtia kazini. Na alipokuwa mtu mzima akampa herufi mpya za chapa kwa kiwanda cha mama yake.